Darubini ya usiku ikae mbali na bunduki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limeanza kuzungumzwa sana huku kwetu Kigombe, wilayani Muheza, na nadhani linazungumzwa pia katika vijiji vingine vya pwani kati ya Tanga mjini na Pangani. Vijana wetu wamekuwa wakitazama kwenye simu video za wawindaji wa Marekani wanaowapiga koyote usiku wa manane kwa bunduki zilizofungwa darubini za kidijitali za kuonea gizani. Baadhi yao, hasa wale ambao wazazi wao wanafuga mbuzi na wamechoshwa na bweha, sasa wanaulizana bei ya vifaa hivyo na namna ya kuviagiza kwa mtandao. Mimi nimefuga mbuzi kwa miaka 22, na darubini ya namna hiyo nimeishika kwa mikono yangu na kukesha nayo. Ninachotaka kusema ni kwamba kifaa hiki kina faida kubwa kwa mfugaji, mradi kisikaribie bunduki.

Nianze na huyo koyote mwenyewe, kwa kuwa wengi wanaomtaja hawamjui. Ni mnyama wa jamii ya mbwa, anafanana kwa umbo na bweha wetu ingawa kwa kawaida humzidi kidogo kwa ukubwa, na jina lake limetoka katika lugha ya Nahuatl ya wenyeji wa Mexico. Zamani makazi yake makuu yalikuwa nyanda na majangwa ya Amerika ya Kaskazini, lakini baada ya walowezi kuwamaliza mbwa mwitu wa kijivu waliokuwa wakimdhibiti, alienea kila upande, na leo anapatikana kuanzia Alaska mpaka Panama, hata ndani ya miji mikubwa kama Chicago. Anakamata kondoo na ndama, na ndiyo sababu wafugaji wa huko wanamchukia. Watumishi wa serikali ya Marekani peke yao huua makumi ya maelfu ya koyote kila mwaka, na bado yupo tele. Sheria za kumwinda usiku hutofautiana kati ya jimbo na jimbo: mengi yanaruhusu, baadhi yanaweka masharti ya ardhi na ya vifaa, na jimbo la California lilipiga marufuku mwaka 2014 kutoa zawadi katika mashindano ya kuwaua. Kwa hiyo hata kwao jambo hili lina mabishano, ingawa ukitazama zile video utadhani nchi nzima imekubaliana.

Sasa nije kwenye kifaa. Watu wengi wanachanganya aina tatu za darubini za usiku, na mchanganyo huo ndio unaowafanya wadanganyike dukani. Ya kwanza ni ile ya kijeshi ya zamani, yenye mrija unaokuza mwanga hafifu wa nyota na mwezi. Hiyo ni ghali, na mwanga mkali unaweza kuiharibu. Ya pili ni darubini ya joto, ambayo haihitaji mwanga wowote kwa kuwa inapokea joto linalotoka mwilini mwa mnyama. Ya tatu, ambayo ndiyo vijana wetu wanaiulizia kwa sababu ya bei yake, ni ya kidijitali. Hii kwa kweli ni kamera. Ndani yake kuna kihisio cha silikoni cha aina ileile iliyomo katika simu zetu, kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na picha inatokea kwenye kioo kidogo unachokitazama kwa jicho moja. Silikoni ina uwezo wa kupokea mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni, basi mtengenezaji anaongeza taa ya infraredi pembeni, na usiku wa giza totoro unakuwa umewasha tochi ambayo unaiona wewe peke yako.

Taa hizo nazo ziko za namna mbili zinazojulikana zaidi. Ile ya nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) inafika mbali, lakini mtu au mnyama akiitazama moja kwa moja ataona kijidoa chekundu kama kaa la sigara. Ile ya nanomita 940 haionekani kabisa, ila kihisio hakiipokei vizuri, na hivyo umbali unapungua. Hapa pwani kuna tatizo lingine ambalo sijaona tangazo lolote likilitaja: umande na ukungu wa bahari. Hewa ikiwa nzito, mwanga wa infraredi unagonga vile vitone vya maji na kurudi machoni mwako, na unachokiona ni pazia jeupe, kama dereva aliyewasha taa kubwa ndani ya ukungu wa Lushoto.

Jambo zito kuliko yote ni umbali. Tangazo litakwambia kwamba darubini inaona mita 300, na pengine ni kweli, lakini kuona kupi? Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alipambanua hatua tatu ambazo zinatumika mpaka leo: kugundua kwamba pale mbele pana kitu, kujua kitu hicho ni cha namna gani, na kukitambua hasa ni kipi. Kwa vipimo vyake, kukitambua kunahitaji picha yenye undani wa takriban mara sita ya ule unaotosha kugundua tu. Fanya hesabu, Mhariri. Darubini inayogundua kitu kwenye mita 300 itakutambulisha kitu hicho kwenye mita 50 hivi, usiku wenye hewa safi, betri ikiwa imejaa na mkono ukiwa umetulia. Mita zote 250 zilizobaki ni eneo ambalo mtu anaona kitu, anaamini kwamba anakijua, na hakijui.

Hayo nisingeyaelewa kwa kusoma tu. Masika iliyopita nilipoteza wanambuzi watano katika majuma matatu. Zizi langu liko ukingoni mwa mkonge, upande ambao haujakatwa kwa muda mrefu na magugu yamepanda mpaka kifuani, na bweha hawahitaji mwaliko mkubwa kuliko huo. Mpwa wangu, ambaye ni baharia, alikuja likizo akiwa na darubini ya kidijitali aliyoinunua katika bandari moja ya ng'ambo. Ndani ya boksi lake kulikuwa na kipande cha chuma cha kuifungia kwenye bunduki. Kijana alikuwa tayari ameshazungumza na rafiki yake mwenye bunduki, akitaka kuiazima kwa usiku mbili tu. Nilimwambia kwamba bunduki si baiskeli, haiazimwi. Leseni yake ni ya mtu mmoja kwa jina lake, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani. Nikamwambia pia kwamba kama kifaa chake ni kizuri kama anavyosema, basi tukeshe nacho usiku tano bila silaha yoyote, tuone kwanza kitatuonyesha nini. Hakufurahi, lakini mimi ni mjomba wake.

Usiku wa kwanza tuliona pazia jeupe nililolieleza. Usiku wa pili, hewa ikiwa safi, tuliona macho: jozi mbili zinazowaka kama vibatari kwenye ukingo wa mkonge, mbali kiasi cha mita 120, zikienda na kusimama, zikienda na kusimama. Mpwa wangu alisema ni bweha. Na mimi, ambaye nimewaona bweha tangu utotoni, nilisema ni bweha; nasisitiza hilo ili msomaji asidhani kwamba kosa lilikuwa la kijana asiyejua pori. Asubuhi tulikuta nyayo kwenye udongo laini, na tulipozifuata zilitupeleka moja kwa moja hadi uani kwa jirani yangu, walikolala mbwa wake wawili.

Macho hayo yanayowaka ndiyo yanayowapoteza wengi. Mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe, bweha, fisi na ngawa wote wana utando nyuma ya mboni unaorudisha mwanga, na kwenye kioo kisicho na rangi wote wanawaka sawasawa. Rangi ya manyoya haipo, na umbali nao unapotea kwa kuwa unatazama picha iliyolala bapa, hivyo mnyama mdogo aliye karibu na mkubwa aliye mbali wanaweza kulingana. Mbwa mwitu wetu wa Afrika, mwenye madoa, yumo katika hatari ya kutoweka duniani na kwa miaka mingi amekuwa akizalishwa na kurudishwa porini katika Mkomazi, hifadhi ambayo sehemu yake imo katika mkoa wetu wa Tanga. Madoa yake, ambayo mchana ndiyo kitambulisho chake, yanaweza kufifia kabisa chini ya mwanga wa infraredi. Itakuwa fedheha kubwa kwa mkoa huu mnyama wa namna hiyo kuuawa na kijana aliyedhani anampiga bweha.

Lakini yaliyonifanya niandike barua hii ni ya usiku wa nne. Ilikuwa imepita saa sita. Kwenye kijia kinachotoka ufukweni tuliona kitu kizito, kifupi, kimeinama, kikisogea polepole na kisha kutulia kabisa. Macho hayakuwaka. Mpwa wangu akanong'ona kwamba ni nguruwe mwitu, yupo mihogoni anafukua, na kwa kweli umbo lilikuwa hilo hilo, mgongo wa duara na kichwa chini. Akaanza kunieleza, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kwa umbali ule angelenga sehemu gani. Kisha kile kitu kikakohoa.

Alikuwa bibi mmoja wa hapa kijijini, mtu mzima kunizidi, aliyekuwa akitoka pwani kutafuta pweza na ambaye alikuwa ameinama kuliweka sawa kapu lake, mgongo wake ukiwa upande wetu. Binadamu hana ule utando wa jicho, na hata angekuwa nao alikuwa ametupa kisogo. Tuliwasha tochi ya kawaida tukamwendea. Mpwa wangu, ambaye dakika moja kabla alikuwa akipima shabaha, alibaki kusema, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamuuliza kama hali ya mama yake imepata nafuu. Tulimbebea kapu mpaka nyumbani kwake. Hajui mpaka leo tulichokuwa tumekiona, na sidhani kwamba kuna haja ya kumwambia.

Wale wanaotaka kuiga video za Marekani wanasahau kwamba usiku wa kwao na usiku wetu si mmoja. Mfugaji wa huko anaweza kuwa na shamba la maelfu ya ekari, lenye uzio, na akajua kwamba saa saba za usiku hakuna mtu anayepita humo. Hapa watu hawatembei kwa saa, wanatembea kwa maji. Wakati wa bamvua bahari hupwa sana mnamo saa nne, mchana na usiku, na ukisimama ufukweni utaona tochi na karabai za wavuvi wa pweza na wa kaa zikitapakaa mwambani. Kisha maji yakijaa watu hao wanarudi nyumbani kwa vijia vinavyopita katikati ya mashamba na mkonge. Wapo wachoma mkaa wanaolinda tanuri lisilipuke moto. Wako walinzi wa mihogo wanaolala dunguni. Alfajiri mgema yuko njiani kabla ya adhana, na mama anayewahi gari la Tanga na kapu lake la samaki anakuwa ameshaondoka. Risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili ikikosa shabaha au ikimpita mnyama, na kioo cha darubini kinakuonyesha duara dogo tu la dunia. Vilivyo nyuma ya duara hilo hukuviona kwa sababu taa yako haikufika huko.

Kwa upande wa sheria sitakaa sana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mtu awe na leseni ndipo awinde, wala leseni ya kawaida ya uwindaji haikupi ruhusa ya kuwinda gizani. Sheria hiyo inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama katika kujihami au kuokoa mali yake, na inamtaka aripoti, lakini kukaa juu ya paa na darubini ukimsubiri bweha apite kwenye mkonge ni uwindaji, hata ukiupa jina la ulinzi. Ninaloomba kwa wahusika wa wizara na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori ni kuwaeleza wananchi kwa Kiswahili chepesi, kwenye mikutano ya vijiji na kwenye redio, kifaa hiki kinaruhusiwa kutumika vipi na nani, kabla hakijazagaa kama zilivyozagaa tochi za kichwani. Wauzaji nao wakitakiwa kumwonyesha mnunuzi tofauti ya umbali wa kugundua na umbali wa kutambua, badala ya kumtajia ule mkubwa peke yake, watakuwa wamefanya uungwana.

Wapo watakaoniambia kwamba nimekula njama na bweha. Hapana. Usiku wa tano darubini hiyo hiyo ndiyo iliyonionyesha adui yangu, na ndiyo maana siikatai. Mnamo saa tisa bweha walikuja kweli, wawili, kutoka upande ambao sikuwahi kuushuku. Hawakutoka kwenye magugu, walizunguka nyuma ya banda, pale tunapomwaga matumbo ya samaki na tunapotupa kondo la nyuma mbuzi wanapozaa. Walikula walichokikuta, kisha mmoja akajipenyeza chini ya boriti ambapo maji ya masika yalikuwa yamechimba mfereji wa upana wa sahani. Nilikuwa nimeliziba zizi upande wa mbele kwa miiba na mabati kwa gharama ya kunitosha, na mlango wao halisi ulikuwa nyuma, nimeufungua mimi mwenyewe kwa uchafu wangu. Mtu akiwa na bunduki usiku ule angepiga risasi, pengine angemwangusha mmoja, na asingejua habari ya ule mfereji. Na bweha mwingine angeusikia harufu mwezi uliofuata.

Nilijaza mawe na saruji. Matumbo ya samaki sasa yanafukiwa, mbuzi walio karibu kuzaa nawaingiza ndani, na yale magugu ya upande wa mkonge tuliyafyeka kwa msaragambo, wafugaji wanne, kwa siku mbili. Katika miezi minne iliyopita nimepoteza mwanambuzi mmoja tu, naye alikufa kwa kuhara. Bweha wapo, nawasikia wakilia, na nina hakika kwamba wanapunguza panya katika mihogo yangu, jambo ambalo zamani sikuwahi kuwahesabia. Kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho bweha na mbwa wanaweza kuambukizana, ningependa tuelekeze nguvu zetu kwenye chanjo: wataalamu wanasema kwamba wakichanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika, na wale mbwa wawili wa jirani yangu tulioona macho yao wanazurura kila usiku bila chanjo yoyote.

Pendekezo langu kwa serikali za vijiji vya ukanda huu ni dogo. Kijiji kikiweza, kinunue darubini moja ya mkononi, isiyo na kifungio cha bunduki, ikae kwa askari wa wanyamapori wa kijiji au kwa mtendaji, na mfugaji au mkulima anayesumbuliwa aiazime kwa usiku mbili tatu ili ajue anayemsumbua ni mnyama gani, anatoka wapi na anapita wapi. Ikibainika kwamba ni fisi au chui, mnyama ambaye mtu wa kawaida hapaswi kushughulika naye, taarifa iende kwa afisa wanyamapori wa wilaya ikiwa na maelezo ya uhakika, pengine na picha, kwa kuwa darubini hizi za kidijitali zinarekodi. Mfugaji anayedai kifuta jasho naye angekuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya mzoga na machozi.

Mpwa wangu amerudi melini. Darubini ameniachia, na majirani wanaiazima kwa zamu, sharti langu likiwa moja tu, kwamba irudi na betri iliyochajiwa. Kile kipande cha chuma cha kuifungia kwenye bunduki nimekitia kwenye kopo la misumari, na mjukuu wangu tayari ameshaniomba akitumie kufungia taa ya baiskeli yake.

Mfugaji wa mbuzi,
Kigombe, Tanga.